Muhogo Haujui Kama Wageni Wako Njiani

Tunaandika kutoka huku Base ya Kamina. Katika gazeti hili tumezoea kusoma habari za mbegu, za mbolea na za bei ya mahindi. Leo tunawaletea habari ya nyumbani: namna tulivyopitisha siku tatu za fete ya Wazazi, kazi tulizofanya, vyakula tulivyopika, na kosa moja ambalo lilibakia kidogo tu tulifanye. Sisi tunaoandika ni watu wa nyumba moja, wakubwa watatu na watoto wanne. Tunalima muhogo, mahindi na kalanga sawa ninyi.

Kila mtu katika Kongo anajua tarehe 1 Agosti. Asubuhi tunaenda makaburini kwa wazazi waliotutangulia, tunang'oa majani, tunafagia, tunasimamisha misalaba iliyoanguka. Mchana tunarudi kwa wazazi walio hai, tunawapikia na kukaa nao. Mwaka 2025 tarehe hiyo ilianguka siku ya tano, ikaungana na siku ya posho na siku ya Mungu. Siku tatu kamili!

Lakini kwa mlimaji, siku ya kupumzika kwa shamba ni siku ya kazi kwa nyumba. Agosti ni katikati ya kiangazi. Mahindi yamekwisha kuingia nyumbani tangu zamani, na mvua bado iko mbali. Njo wakati wa kutengeneza paa, kushona magunia, kufua mablanketi, kukausha muhogo. Tena njo wakati chakula cha ghala kinaanza kupunguka bila mtu kuona.

Simu ya siku ya pili

Siku ya kwanza, tarehe 28 Julai, tulichimba muhogo, tukaumenya na kuuloweka ndani ya pipa. Muhogo wetu ni ule wa uchungu. Wengi wenu munaulima pia, na sababu munazijua: nguruwe na panya hawaupendi, mwizi anauogopa, na unga wake ni mzuri. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: tuutoe siku ya tano, tuukaushe, tuusage nyuma ya fete. Kwa siku zile tatu tulikuwa na unga wa kututosha sisi wenyewe, si zaidi.

Siku ya pili magaribi, simu ikalia. Shemeji zetu wa njia ya Kabongo wanakuja kusalimia nkambo. Watu wanane. Watafika siku ya ine jioni.

Tulifurahi, hatusemi uongo. Kisha tukafungua ndoo ya unga, tukaangalia ndani, tukanyamaza. Vinywa kumi na tano kwa siku tatu! Baba wa nyumba akasema: "Ule muhogo tuutoe kesho asubuhi. Tuukate vidogo-vidogo, tuutandaze juu ya manjanja. Jua iko kali. Siku ya tano tunaupeleka ku mashini."

Kesho asubuhi, maana yake muhogo umelala majini usiku mbili tu. Mwengine kati yetu akaona njia ya pili: gunia la mahindi lililofungwa pembeni, lile la mbegu. Tupunguze kidogo, nani atajua?

Nkambo alikuwa amekaa karibu na mbabula, anaota moto. Tulifikiri hasikii. Akasema: "Bana yangu, muhogo haijue kama bageni beko mu njia. Iko na siku zake." Kuhusu mbegu hakusema neno. Aliangalia tu lile gunia, akatuangalia sisi, na aliyetoa mawazo yale akainuka kwenda kuchukua maji.

Kwa nini siku zina maana

Nkambo hakusoma kitabu, lakini neno lake ni la kweli, na inafaa kila memba ajue sababu yake. Muhogo wa uchungu uko na sumu ndani, inayoitwa sianidi. Tukiuloweka, muhogo unachacha na kulainika, na sumu inatoka: sehemu inabaki majini, sehemu inageuka hewa wakati wa kukausha. Kazi hiyo inaomba siku tatu au zaidi. Katika kiangazi chetu usiku ni wa baridi na maji ni ya baridi, kwa hiyo kuchacha kunaenda polepole. Siku tatu za wakati wa mvua zinaweza kuwa siku ine za Julai. Alama si hesabu peke yake, alama ni kidole: ukiubonyeza muhogo na unavunjika wenyewe, umeiva. Ukibaki mgumu katikati, urudishe.

Mtu anayekula muhogo usioiva kwa wiki nyingi, bila samaki, nyama wala maharagi ya kutosha, anaweza kushikwa na konzo. Ni jina la Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938, kule Kwango. Unakuja mara moja: mtu analala mzima, anaamka miguu imekazana, anatembea kwa ncha za vidole au hatembei tena. Unashika zaidi watoto na mama walio katika umri wa kuzaa. Hakuna dawa ya kuuponya. Aliyeshikwa anabaki hivyo maisha yake yote.

Na angalieni vizuri mahali ulipotokea. Katika Bandundu, barabara ilitengenezwa na wafanyabiashara wa Kinshasa wakaanza kuja kununua muhogo. Watu wakaona faida, wakapunguza siku za kuloweka ili wauze upesi. Waliokula ule muhogo wa haraka nyumbani kwao wakaanza kulemaa. Kule Nampula, katika Msumbiji, mwaka 1981, ilikuwa njaa ya ukame: zaidi ya watu 1000 walishikwa. Pale ilikuwa faida, hapa ilikuwa njaa, lakini mlango ni ule mmoja: haraka.

Mtu atatuambia: siku tatu za fete haziwezi kuleta konzo. Pengine ni kweli. Lakini sumu ikiwa nyingi katika chakula kimoja, siku ileile inaweza kuleta kizunguzungu, kutapika na maumivu ya tumbo, na mtoto mdogo ni wa kwanza kuumia. Tena sisi tunajijua. Leo tunapunguza siku kwa sababu ya wageni, kesho kwa sababu ya minerval ya watoto, kesho kutwa imekuwa desturi ya nyumba.

Unga wa soko na mkeka

Muhogo ukabaki ndani ya pipa, na gunia la mbegu likabaki limefungwa. Siku ya tatu tulienda kwa jirani, memba mwenzetu, akatukopesha meka tatu za mahindi. Tutamrudishia kwa kalanga. Tumeandika ndani ya kaye, maana deni lisiloandikwa linaharibu ujirani. Kisha tukanunua unga wa muhogo sokoni.

Hapo ikaja swali lingine: huo unga wa soko ulilowekwa siku ngapi? Muuzaji mwenyewe hajui, ameununua kwa mwengine. Basi tukatumia njia moja ambayo imekwisha kujaribiwa katika vijiji vya Bandundu vyenye konzo. Haiombi pesa. Ni hii:

Tia unga katika beseni, usawazishe, ufanye alama ndani ya beseni mahali unga unapofika. Mimina maji polepole huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye ile alama, acha maji. Tandaza unga huo juu ya mkeka safi, uwe mwembamba, usipite santimetre 1. Uache saa mbili kwa jua, au saa tano kwa kivuli. Sumu iliyobaki inageuka hewa na kwenda. Kisha songa bukari siku ileile. Unga uliolowa haulali, utaharibika.

Siku ya tano asubuhi na mapema tulitoa kwanza muhogo wetu wa pipa. Usiku ine kamili: ulivunjika sawa mukate. Maji yake tukayamwaga mbali na mbuzi na kuku. Kisha tukatandaza unga wa soko juu ya mkeka, tukaacha kijana mmoja na fimbo ya kufukuza kuku, sisi wengine na wageni tukaenda makaburini na majembe na mifagio.

Tuliporudi, shemeji mkubwa wa kike akasimama mbele ya mkeka. "Unga wenu ulinyeshewa?" Tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena habari ya ile alama ya beseni, mara mbili. Kwao, alisema, wanauza muhogo mwingi, na hakuna anayeuliza siku.

Nyungu ya sombe

Chakula cha mchana kilikuwa bukari ya mahindi na muhogo, sombe, na samaki ya kukauka kutoka Bukama. Sombe vilevile iko na sumu ileile ya muhogo, na hapa pia haraka haifai. Sisi tunafanya hivi: tunachuma majani ya juu yaliyo laini, tunayatwanga katika kinu mpaka hakuna jani linaloonekana. Tunayachemsha katika maji mengi, nyungu ikiwa wazi, bila kifuniko, ili hewa mbaya itoke. Saa moja haitoshi. Tunaacha mpaka harufu ya majani mabichi inaisha kabisa. Njo tunaweka vitunguu, mafuta ya ngazi, kalanga iliyotwangwa, na samaki iliyooshwa kwa maji ya moto. Chumvi ni mwisho.

Kalanga na samaki si ladha peke yake. Mwili unahitaji vyakula vya namna hiyo ili kuivunja sumu kidogo iliyobaki. Nyumba inayokula bukari ya muhogo na majani tu kila siku iko katika hatari kuliko nyumba inayoongeza maharagi, samaki, mayai ao hata ndakala kidogo.

Nkambo alipewa kichwa cha samaki, ile kubwa. Tulikunywa munkoyo. Wageni walishiba, na hakuna aliyejua kwamba siku tatu mbele ya hapo tulikuwa tunahesabu unga kwa vikombe.

Kisolo na mbegu mia moja

Siku ya posho wanawake walifua, wanaume walipanda juu ya jiko kubadilisha nyasi. Muhogo ulikuwa unakauka, na kila mtu aliyepita aliugeuza kidogo. Mchana vijana wakaenda kucheza mpira. Shemeji mzee akachimba mashimo ya kisolo chini ya mwembe, mistari mine, akawafundisha watoto. Walianza kwa kelele, kisha wakanyamaza. Kisolo ni mchezo wa hesabu, anayepiga kelele anasahau mashimo yake.

Siku ya Mungu nyuma ya misa, watoto walitaka kuendelea kuhesabu. Tukafungua lile gunia la mbegu, safari hii kwa sababu nzuri. Tulichota mahindi pande zote, juu, katikati na chini, wakahesabu mbegu 100. Tukazipanga juu ya kitambaa kilicholowa maji, tukakiviringisha, tukakiweka ndani ya sahani mahali pa joto, na mtoto mmoja akapewa kazi ya kukinyunyizia maji asubuhi na jioni.

Nyuma ya siku saba tulifungua: mbegu 88 zimeota vizuri. Zikiota 85 na zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa kati ya 70 na 85, ongeza mbegu kidogo kwa kila shimo. Zikishuka chini ya 70, tafuta mbegu nyingine sasa, mapema, wakati bado kuna siku za kutafuta. Na tukafikiri: kama lile gunia tungelila kwa fete, leo tungekuwa tunahesabu nini?

Shemeji zetu walirudi siku ya kwanza asubuhi. Katika mizigo yao waliweka kalanga, mukungu mmoja wa ndizi, na beseni dogo la plastiki lenye alama ya makala ndani yake.

Tushike haya

Muhogo wa uchungu: siku tatu majini kwa uchache, wakati wa baridi siku ine, na kidole njo kinaamua.

Unga usiojua ulikotoka: uloweshe, utandaze, saa mbili za jua ao saa tano za kivuli, usonge siku ileile.

Sombe: kutwanga vizuri, kuchemsha sana, nyungu wazi.

Gunia la mbegu: lisifunguliwe kwa ajili ya fete. Lifunguliwe kwa kupima, sasa katika Agosti.

Fete nyingine zinakuja, Noeli na Mwaka Mpya, na hizo zinaanguka katikati ya mvua, wakati jua la kukaushia ni haba na ghala ni tupu zaidi. Tuanze kuhesabu siku za muhogo mbele ya kuhesabu wageni. Na ninyi, ndugu wamemba, kama kwenu kuna njia nyingine nzuri ya kulisha wageni bila kugusa mbegu, muilete katika mkutano wa koperative, wote tufaidike.