Video ya ibada ifunguke katika kila simu

Kwaya ikiimba vizuri pale Wagenia, kisha video ikakataa kufunguka katika simu ya mama mzee aliyebaki nyumbani, wimbo haukumfikia. Vijana wetu wanaorekodi ibada washike mambo haya.

Kwanza, faili la mradi si video. Linabeba maagizo ya kukata na kuunga tu. Picha na sauti zimebaki katika kompyuta. Ukilituma peke yake, mwenzako haoni kitu. Agiza programu itengeneze video kamili.

Pili, chagueni MP4, picha kwa H.264 na sauti kwa AAC. MP4 ni kapu, H.264 na AAC ni namna ya kubana vilivyomo. H.265 hubana zaidi, lakini simu nyingi za zamani haziwezi kuisoma.

Tatu, angalieni uzito. Video ya dakika 10 kwa megabiti 8 kwa sekunde hufika megabaiti 600. Kwa 720p na megabiti 2, sauti ikiwemo, ni megabaiti 150, na katika simu bado inaonekana vizuri. Kwa anayenunua intaneti kidogo kidogo, tofauti hiyo ni pesa ya chakula.

Kabla ya kutuma, ijaribuni katika simu ya bei ndogo kabisa. Nakala nzito itunzwe kanisani.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba maneno yasiyoeleweka hayamjengi msikilizaji. Na video isiyofunguka ni vilevile.