Utangulizi: Anzia Kwenye Utambi

Wengi wanaolinganisha sigara za kielektroniki huanzia kwenye kabati la kioo dukani: rangi, ladha, bei, na idadi ya mivuto iliyoandikwa kwenye boksi. Mimi nakuomba uanzie kwenye utambi.

Aliyewahi kuwasha kandili anajua kazi ya utambi. Ndani ya sigara ya kielektroniki, pamba hunyonya majimaji yenye propilini glaikoli, gliserini, ladha na mara nyingi nikotini. Waya uitwao koili hupashwa moto na betri, na majimaji hugeuka ukungu. Wauzaji huuita mvuke, lakini kwa kweli ni matone madogo mno yanayoelea hewani, na yanaweza kubeba hata chembe za metali zilizotoka kwenye koili. Utambi ukikauka, pamba huungua, na majimaji yaliyopashwa kupita kiasi hutoa fomaldehidi.

Tangu Hon Lik, mfamasia wa China, aombe hataza ya sigara ya kielektroniki mwaka 2003, maumbo yamebadilika sana, ila hesabu ya umeme haijabadilika. Betri ya volti 3.7 kwenye koili yenye ukinzani wa omu 1.8 hutoa wati zipatazo 7.6. Kwenye koili ya omu 0.5, betri ileile hutoa wati 27 na ushei. Majimaji hayajabadilishwa hata tone, lakini ukungu ni mwingi zaidi, na nikotini ya kila mvuto nayo huongezeka.

Ndiyo maana namba ya nikotini pekee haitoshi. Mwaka 2015 sigara ya kielektroniki ya JUUL iliingia soko la Marekani ikiwa na miligramu 59 za nikotini kwa kila mililita. Umoja wa Ulaya, kuanzia 2016, unaruhusu 20 tu. Ukiishia hapo, utadhani kifaa cha Marekani kimebeba nikotini mara tatu. Sasa tazama ujazo: kikasha cha JUUL kilibeba mililita 0.7, na tangi la Ulaya linaruhusiwa mililita 2. Zidisha, utapata miligramu 41 huku na 40 kule. Tofauti iko kwenye kasi ya kumfikia mvutaji, na kwenye koo. Asidi ya benzoiki hugeuza nikotini kuwa chumvi, na chumvi hiyo haikwaruzi sana hata ikiwa kali. Kwangu hili ndilo badiliko zito kuliko yote katika fani hii, kwa sababu kijana ambaye hajawahi kuvuta amenyang'anywa kikohozi ambacho kingemwonya.

Kwa huyo kijana nasema wazi: hakuna kifaa humu kinachofaa kununuliwa. Mvutaji wa miaka mingi anayetaka kuachana na moshi wa tumbaku ana haki ya kuuliza kipi kitamfaa, na kujibiwa kwa vipimo.

Hata vipimo vyenyewe vichunguzwe. Mashine ya maabara, kwa utaratibu unaotumika sana, huvuta mililita 55 kwa sekunde 3, kila baada ya sekunde 30, bila kuchoka wala kuwa na hamu. Binadamu akiwa na hamu huvuta kwa muda mrefu zaidi na kurudia mapema, na boksi la mivuto 600 humwishia kabla hesabu haijafika.