Delphi 7 Bado Inafanya Kazi: Je, Ulipie Zana Mpya?

Delphi 7 ilitoka mwaka 2002, enzi za Borland. Tangu hapo imepitia kwa wenyewe kadhaa: Embarcadero waliinunua mwaka 2008, na Idera wakawanunua Embarcadero mwaka 2015. Programu zilizoandikwa nayo, za stoo, za mishahara, za kutoa risiti, hazikujali ni nani mwenye mali. Zinafunguliwa kila asubuhi na kazi inakwenda. Anayetaabika ni yule fundi anayeambiwa aongeze ripoti moja tu.

Njia ya bei ndogo kabisa ni kubaki na Delphi 7 ileile, lakini ndani ya mashine pepe. VirtualBox ni bure. Ukishasakinisha kila kitu humo, komponenti zote zikiwemo, nakili mashine nzima. Kompyuta ikifa, unaiwasha kwingine na kuendelea. Kwa programu inayoguswa mara chache kwa mwaka, sioni sababu ya kutoa hata senti zaidi. Kasoro zake zinajulikana: inatoa programu za biti 32 pekee, na madirisha yake hayaijui Unicode, kwa hiyo jina la mteja lililoandikwa kwa Kiarabu au Kiamhara hugeuka alama za kuuliza.

Lazarus nayo ni bure, hata kwa kazi ya biashara. Inatumia kompaila ya Free Pascal, inakwenda kwenye Windows, Linux na macOS, na ina kifaa cha kugeuza mradi wa Delphi. Aliyezoea Delphi 7 hatapotea humo. Wala si zana ya kuchezea: Total Commander ya biti 64 imejengwa nayo. Kuunganisha MySQL, PostgreSQL au Firebird hakulipiwi. Gharama inakuja kwenye vitu vya pembeni. Ripoti za Rave, iliyokuja pamoja na Delphi 7, hazihami zenyewe. Zitaandikwa upya, labda kwa LazReport. Ripoti tano ni kazi ya wiki. Ripoti sitini ni mshahara wa mtu, na hapo neno “bure” linaanza kupoteza maana.

Delphi mpya ndiyo yenye masharti ya kusomwa kwa makini. Toleo la Community halilipiwi, lakini kampuni ambayo mapato yake yote kwa mwaka yamefika dola 5,000 hairuhusiwi kulitumia, hata kama programu yenyewe haiingizi kitu. Duka lolote la maana linavuka hapo. Toleo la Professional huuzwa kwa zaidi ya dola 1,500 kwa mtu mmoja. Leseni haiishi muda, ila masasisho unayapata mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo unalipia tena. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalipa: FireDAC, yaani komponenti za hifadhidata zinazokuja na Delphi mpya, kwenye Professional haikuruhusu kufikia hifadhidata iliyo kwenye seva nyingine. Kwa hilo wanataka ununue Enterprise, ambayo bei yake ni zaidi ya maradufu. Usikimbilie. Komponenti za Zeos ni bure, zinafanya kazi na Professional, na kwa ofisi nyingi zinatosha.

Hata ukilipa, kazi haijaisha. Tangu Delphi 2009, herufi moja inachukua baiti mbili badala ya moja. Kodi inayozungumza na mizani au printa ya risiti kupitia waya wa serial mara nyingi iliandikwa kwa kudhani baiti moja. Kompaila itaipitisha, na printa itatema vituko. Tenga muda wa kujaribu vifaa hivyo kimojakimoja.

Kabla ya kumpigia muuzaji yeyote, fungua folda za komponenti zako. Zenye faili za .pas zinaweza kuhama. Zenye .dcu pekee zimefungwa kwenye toleo la kompaila lililozitengeneza, na hakuna Delphi nyingine wala Lazarus itakayozisoma. Ukikuta tatu au nne za namna hiyo, na waliozitengeneza walishafunga biashara, baki na mashine pepe, weka kodi yote kwenye Git, na hela ya leseni mlipe fundi aanze kuzibadilisha moja baada ya nyingine.