Mpanda Mti Hushuka, Swali ni kwa Namna Gani

Wiki iliyopita, kwenye kibanda cha chipsi hapa Ilomba, nilimsikia mwanachuo mwenzangu akisema kuna mama mmoja anataka mlingoti wake upunguzwe, na analipa vizuri. "Bumu halijaingia, kamba ninayo, kesho napanda," akasema. Wenzake walicheka, mimi nilishindwa. Kaka yangu alinilipia ada ya kidato cha tano na cha sita kwa kazi hiyohiyo, na leo anatembea kwa kuchechemea. Kwa hiyo naomba dakika zako tano.

Kwanza, kwa nini mtu apande? Kule Sao Hill, Mufindi, mti unakatwa shinani na kuangushwa mzima, maana nafasi ipo. Huku kwetu mlingoti umezungukwa na bati la jirani, choo, ukuta na nyaya. Hauna pa kuangukia. Inabidi mtu apande, akate kipande kimoja kimoja kuanzia juu, na vile vikubwa vishushwe kwa kamba. Huo ni ufundi kamili, na kuna nchi ambako watu wanausomea na kupewa cheti.

Hesabu ya kuanguka

Nasomea ualimu wa fizikia, mtanivumilia. Ukianguka kutoka mita 10, unafika chini kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde, yaani kama kilometa 50 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na gari barabarani.

Utasema, "Lakini nimejifunga kamba." Umejifungaje? Kaka alijifunga kiunoni, na kamba ilikuwa imelegea kama mita 2. Chukua mtu wa kilo 60. Akianguka mita 2, kisha kamba isiyovutika ikamsimamisha ndani ya sentimeta 10, kani ya wastani kwenye kamba inazidi kilonyutoni 12. Ni kama kuning'iniza mzigo wa zaidi ya kilo 1,200 kiunoni mwako. Kamba ya kaka ilikatika. Isingekatika, ingeweza kumvunja yeye.

Kanuni ya kwanza basi: kamba isilegee. Ipite juu ya kichwa chako kwenye panda la tawi nene na zima, na ikae imekaza muda wote.

Kamba na vifaa

Kamba ya katani ni ya kwetu na tunaipenda, ila unyevu unaiozesha, na mvua za Mbeya mnazijua. Ile ya plastiki ya kufungia mizigo inayeyuka kwenye joto la nyuzi kama 160 tu, na kamba ikisuguana na kamba joto linapanda haraka. Kamba za kazi hii ni za nailoni au poliesta, unene wa milimita 11 hadi 13, na hutengenezwa zihimili zaidi ya kilonyutoni 22.

Kila siku kabla ya kupanda, ipitishe mkononi urefu wote. Ukikuta pamelegea, pamekakamaa, pameungua au pamechunika, hiyo siyo kamba ya kubebea mtu tena. Na kamba iliyowahi kuvuta gari usiifunge mwilini.

Usijifunge kiunoni peke yake. Tumia mkanda wenye vitanzi vya mapajani, ili uzito ukae kwenye mapaja na nyonga. Kofia ngumu iwe na ugwe wa kidevuni. Helmeti ya bodaboda inakuziba masikio, humsikii mtu wa chini.

Jifunze pia fundo la Prusik, lililotangazwa na Mwaustria Karl Prusik mwaka 1931. Ni kitanzi cha kamba nyembamba kinachozungushwa mara tatu kwenye kamba kuu. Ukikitegemea kwa uzito kinabana; ukiondoa uzito kinateleza. Lifanyie mazoezi chini hadi mikono ilizoee.

Wakati wa kukata, uwe umefungwa sehemu mbili tofauti. Panga au chenso haichagui kati ya tawi na kamba yako.

Mwili na mtu wa chini

Kinachochoka kwanza ni mikono. Ning'inia kwenye mwamba wa goli, jivute juu, beba ndoo mbili za lita 20 kutoka bombani hadi geto. Usipande na njaa, wala baada ya kukesha ukisoma. Ulanzi, hata kikombe kimoja, usubiri jioni.

Na usipande peke yako. Mtu wa chini azuie wapita njia, asimame mbali na matawi yanayodondoka, na ajue namna ya kukushusha. Aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa ndani ya muda mfupi, hata kama hajaanguka.

Nani atalipa?

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaotokana na sheria ya 2008. Lakini mfuko huo unachangiwa na waajiri. Kaka aliitwa getini, wakapatana bei kwa mdomo, akapanda. Matibabu tulichangishana wenyewe kwenye ukoo. Kabla hujapatana bei, uliza swali hilo kwa sauti: nikiumia, inakuwaje? Jibu litakusaidia kuamua.

Yule jamaa wa chipsi nilimfuata, jioni tukaenda kuuangalia ule mlingoti. Waya wa umeme ulikuwa umepita katikati ya matawi. Hapo hakuna kamba wala fundo litakalokuokoa. Hiyo ni kazi ya TANESCO. Tulimweleza mama, akaelewa, akaandika namba ya kuwapigia. Sisi tukarudi kibandani kula chipsi kwa mkopo. Bumu litaingia tu.