Muziki wa Gereji (Sehemu ya Pili): Watawa wa Ujerumani na Kinanda cha Casio

Juma lililopita tuliwaacha vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 wakipiga magitaa ya bei rahisi kwenye gereji za wazazi wao. Leo tuanze na wageni, maana sisi tunaofanya kazi ughaibuni, hapa mtaani Al Mansoura, ugeni hatuhitaji kufundishwa.

Wanajeshi watano wa Kimarekani walimaliza utumishi wao Ujerumani Magharibi, wakakataa kurudi kwao. Bendi yao wakaiita The Monks. Wakanyoa utosi kama watawa, wakavaa nguo nyeusi, na mahali pa tai wakaning'iniza kitanzi cha kamba. Gitaa moja wakaliondoa, wakaweka banjo yenye umeme. Albamu yao, Black Monk Time, ilitoka mwaka 1966 na wanunuzi wakawa haba. Mwaka uliofuata bendi ikasambaratika. Lakini wachache walioipenda hawakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Waliisambaza miaka na miaka, hata mwaka 1999 wazee hao wakaitwa New York kupanda jukwaani tena.

Wapo wanaodhani vituko vya namna hii ni pambo tu. Mimi nasema ndiyo mtaji wenyewe. Bendi yenye vyombo duni haiwezi kushindana kwa usafi wa sauti, basi hushindana kwa vitimbi.

Ukitaka ushahidi wa nyumbani, nenda uswahilini Dar es Salaam. Huko muziki wa mchiriku ulizaliwa kwa kinanda kidogo cha Casio, ambacho kwingine angepewa mtoto achezee. Wapigaji walikiunganisha na amplifaya kuukuu na spika za honi, sauti ikatoka imekwaruza, nao wakaipenda hivyo hivyo. Chini yake zinaunguruma ngoma zenye damu ya chakacha na ngoma za Kizaramo, na stuli ya mbao inacharazwa kwa vijiti. Mashairi ni ya mapenzi, ya dhiki na ya mambo ya mtaani. Waungwana waliuita uhuni. Wenye harusi waliendelea kuukodi.

Bendi ya Jagwa Music ndiyo iliyouvusha bahari. Albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na Wazungu waliozoea roki ya fujo wakajiona wako nyumbani. Hakuna gitaa hata moja, na bado kwangu hii ni bendi ya gereji kuliko nyingi zinazojiita hivyo.

Je, Al Mansoura itazaa bendi yake? Vichekesho tunavyo, tena vya kutosha. Tatizo ni nafasi: ghorofa zimebanana, chumba kimoja kina watu wa zamu mbili, huyu anarudi lindoni huyu anafunga viatu. Gereji ziko, ila zina magari ya wenyewe. Na onyesho la hadharani lina vibali vyake. Basi wengi wetu muziki huu tunaubeba kwenye simu.

Sehemu ijayo tutaingia kwenye singeli, mrithi wa mchiriku mwenye haraka zaidi. Kabla ya hapo itafute Bongo Hotheads uisikilize mwanzo hadi mwisho, ila vaa spika za masikioni: mwenzako wa kitanda cha juu ametoka zamu ya usiku.