Volti, Ampea na Hesabu ya Umeme wa Nyumbani

Ukinzani ni kipimo cha namna kifaa au waya unavyouzuia mkondo wa umeme. Mwaka 1827 mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kitabu kilichoeleza kanuni yake: waya ambao joto lake halibadiliki hupitisha mkondo unaoongezeka sawia na volti. Hivyo, volti zikigawanywa kwa ampea, yaani kipimo cha mkondo, hupatikana ukinzani, unaopimwa kwa omu. Volti hizohizo zikizidishwa kwa ampea hupatikana nguvu, inayopimwa kwa wati.

Mfano ni pasi katika nyumba iliyounganishwa na umeme huko Kihagara, wilayani Nyasa. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Pasi ikivuta ampea 5, ukinzani wake ni 230 ÷ 5, yaani omu 46. Nguvu yake ni 230 × 5, yaani wati 1,150. Ikipata moto mfululizo kwa saa nzima hula uniti 1.15 za LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla), kwa kuwa uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja.

Umeme ukipungua hadi volti 200, ukinzani wa pasi hubaki karibu uleule, omu 46. Mkondo hushuka hadi ampea 4.35 na nguvu hadi wati 870 hivi. Volti zimepungua kwa asilimia 13, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 24. Ndiyo maana umeme ukiwa hafifu pasi huchelewa sana kupata moto.

Waya nao una ukinzani. Taa ya wati 24 inayotumia betri ya volti 12, kama zile za wavuvi wa usipa usiku, huvuta ampea 2. Waya wake ukiwa na ukinzani wa omu 1, volti 2 hupotea njiani pamoja na wati 4, ambazo huishia kuupasha waya joto. Taa ya wati zilezile ikitumia volti 230 huvuta takribani ampea 0.1 tu, na waya uleule hupoteza karibu wati 0.01.

Sababu ni kwamba nguvu inayopotea ni ampea mara ampea mara omu. Volti zikipandishwa mara kumi kwa nguvu ileile, mkondo hupungua mara kumi na upotevu hupungua mara mia. Kwa hesabu hiyo, umeme wa gridi ya Taifa kutoka Makambako husafirishwa hadi Songea kwa kilovolti 220, kisha transfoma huushusha kabla ya kuwafikia wateja. Kabla ya njia hiyo kukamilika mwaka 2018, Songea ilitegemea zaidi jenereta za dizeli.

Hesabu hizi zinatosha kwa pasi, jiko na hita. Mota, kama ya mashine ya kusaga, huvuta pia mkondo usiofanya kazi, hivyo wati zake halisi ni pungufu ya volti mara ampea.

Katika kupima, amita huungwa kwa mfuatano na kifaa, voltimita huungwa sambamba nacho, na omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa. Kazi ya kufungua soketi au kugusa nyaya za nyumba aachiwe fundi mwenye leseni. Mwenye nyumba yeye asome wati zilizoandikwa kwenye kifaa kisicho na mota, azigawanye kwa 230, ndipo achague waya na fyuzi inayohimili ampea hizo.