Freni za kinga: juu ya nini mwili haumalizi palu mara moja

Mimi niko mtu wa agronomia, siyo munganga. Lakini kuna wauzaji wanapita kwenye vyumba vya wanafunzi na chupa za "dawa ya kuongeza kinga" juu ya palu, na wengi wetu tunatoa pesa. Chupa hizo hazisemi kitu kimoja: kinga ya mwili iko na freni, na freni hizo ziko na kazi.

Chembe nyeupe za damu, hasa zile zinaitwa chembe T, zimebeba vipokezi kwa nje. Kipokezi kiko kama tundu la kufuli: protini yake ikiingia, chembe inapata amri. Vipokezi vingine vinaamuru chembe ishambulie. Vingine vinaiambia ipunguze, na kati ya hivyo munasikia majina PD-1, CTLA-4 na LAG-3. PD-1 ilitambuliwa mwaka 1992 Japani, kwenye maabara ya Tasuku Honjo. Yeye na James Allison wa Marekani, aliyeshughulika na CTLA-4, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018, kwa kuwa kuzuia freni hizi kulifungua njia mpya ya kutibu kansa.

Mtu wa agro anaelewa haraka juu ya nini freni zipo. Kuna mimea ambayo jeni yake imebadilika mpaka ulinzi wake unawaka siku zote, hata kama shambani hamuna ugonjwa. Mmea kama huo unadumaa, maana ulinzi unakula nguvu ya kukua. Wakati mwingine majani yanapata madoa ya kufa, yenyewe yamejichoma. Na mwili wetu ni vile vile: silaha inayoua chembe yenye ugonjwa inaweza kuua na jirani yake.

Sasa turudi kwa palu. Kimelea chake, Plasmodium, kinakaa kwenye damu siku nyingi. Chembe T zinakutana naye asubuhi na jioni, na kadiri siku zinapita zinaongeza PD-1 na LAG-3 juu yao. Zinachoka. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichukua panya wenye Plasmodium yoelii, wakazuia LAG-3 pamoja na PD-L1, ile protini inayokanyaga PD-1. Chembe T zikapata nguvu, zikasaidia chembe B kutengeneza antibodi, na damu ikasafika haraka zaidi. Kwa watu wenye Plasmodium falciparum pia PD-1 ilionekana imepanda.

Tena kimelea chenyewe kinajua freni iko wapi! Falciparum inaweka protini zinazoitwa RIFIN juu ya chembe nyekundu iliyomo. Mwaka 2017 ilionekana kwamba RIFIN zingine zinashika LILRB1, kipokezi kingine cha kuzuia, na hapo chembe za kinga zinalegea. Ni kama mwizi anayevaa nguo ya polisi. Lakini mbele ya hapo, kwenye damu ya watu wa Kenya, kulikuwa kumepatikana antibodi za ajabu: ndani yake mwili ulikuwa umechomeka kipande cha kipokezi LAIR1, nacho ni cha kuzuia, na kwa kipande hicho antibodi zinazikamata RIFIN. Mimi hiyo ilinishangaza kabisa.

Basi tuondoe freni zote, palu iishe? Hapa ndipo Katanga yetu inaingia. Mwaka 1948, Vincke na Lips walieleza kimelea kipya cha panya wa porini kutoka Katanga, wakakiita Plasmodium berghei. Leo kiko kwenye maabara za dunia nzima. Kuna aina ya panya wa maabara, BALB/c, ambao kwa kawaida kimelea hicho hakiwapigi kwenye ubongo. Watafiti walipozuia CTLA-4, au PD-L1, panya hao hao wakapata palu ya ubongo. Kilichowaharibu ni chembe T zao wenyewe zilizokosa kizuizi. (Kwa binadamu kuna sababu nyingine kubwa: chembe nyekundu zenye kimelea zinanasa kwenye mishipa midogo ya ubongo.) Hata wagonjwa wa kansa wanaopewa dawa za kuzuia freni wanachunguzwa kwa karibu, maana utumbo, ini au tezi ya shingo inaweza kuvimba.

Kwa hiyo muuzaji akija, mumuulize: hiyo chupa inagusa kipokezi gani, na siku ya ngapi ya ugonjwa? Kama haigusi chochote, umenunua maji ya sukari. Kama kweli inaondoa freni, mimi siwezi kumpa mdogo wangu mwenye homa. Afazali apimwe kwanza. Kipimo kikisema ni palu, artemeteri na lumefantrini zinaua kimelea chenyewe, haziondoi freni za chembe T: asubuhi na jioni, siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, na asiache katikati hata kama homa imeshuka siku ya pili.